Harufu ya AC ya Gari Ina Saa Zake

Gari langu nililinunua likiwa limeshatumika, na aliyeniuzia aliniachia manukato ndani yake kana kwamba ni zawadi: kimti cha karatasi kwenye kioo cha kati, kichupa kilichobanwa kwenye tundu la hewa, na kopo la jeli chini ya kiti cha abiria. Siku hizi nikikuta gari la kuuzwa lina manukato mengi kiasi hicho najua kuna kitu kimefunikwa, na kabla sijauliza habari za injini nawasha AC nikae nayo kidogo. Jeli ile ilipokauka, ukweli ulijitokeza wenyewe. Kila nilipobonyeza kitufe cha AC, pumzi ya kwanza kutoka kwenye matundu ilinuka kama nguo iliyokunjwa mbichi ikasahaulika kabatini.

Haikudumu. Baada ya muda mfupi ilififia, hewa ikapoa vizuri, safari ikaendelea. Lakini kufifia huko usikuamini sana, maana pua ikikaa na harufu moja huizoea ikaacha kuihesabu. Anayeingia kutoka nje ndiye shahidi wa kuaminika. Kwangu shahidi alikuwa mama, ambaye kifua chake hakipatani na vumbi wala ukungu. Aliingia, akakohoa, akateremsha kioo, kisha akasema, "Mwanangu, gari lako linaumwa."

Fundi wa kwanza niliyempelekea hakuchukua muda. Aliweka mkono mbele ya tundu la hewa, akasema gesi imechafuka, tuitoe tujaze nyingine. Nikamwambia mbona inapoza vizuri tu. Akajibu kwamba kupoza inapoza, ila gesi ikichafuka hunuka. Maneno haya nimeyasikia tena kwa mafundi wengine, na nadhani yamewala watu pesa nyingi. Gesi ya AC inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haikutani kabisa na hewa unayovuta. Iwe ni R-134a, iliyomo kwenye magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990, au R-1234yf ya magari mapya zaidi, hata ikivuja karibu haina harufu ya kutambulika. Ikipungua utaona AC haipozi. Harufu ya ukungu ni kesi nyingine. Nilimshukuru nikaondoka.

Wa pili alikuwa mzee anayeshughulika na AC tu. Huyu hakufungua hata boneti, alianza kwa maswali.

"Inanuka saa gani?"

"Nikiwasha AC, mzee."

"Ukiwasha tu, au hata ukiwa umeshaenda mbali? Ukizima AC ukaacha feni, inazidi au inapungua? Ukifunga hewa ya nje, je?"

Majibu sikuwa nayo. Akaniambia niende nikaendeshe kwanza, nirudi nayo. "Harufu ina saa zake, kijana wangu. Mtu asiyezijua atafungua gari zima."

Basi nikaendesha huku pua iko kazini. Asubuhi, nikiwasha feni bila AC, harufu ilikuwepo ila hafifu. Nikibonyeza AC ilipanda ghafla, kisha ikatulia. Njiani, hewa ikiwa baridi kabisa, sikusikia kitu. Lakini nilipozima AC na kuiacha feni ikipuliza, baada ya muda kidogo harufu ilirudi kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote. Kuhama kutoka hewa ya nje kwenda ya ndani hakukubadilisha lolote. Nilipompelekea mzee habari hizo alitikisa kichwa kuashiria ndiyo, akasema ni evapureta, na ina maji yasiyokauka.

Evapureta ndiyo sehemu inayotoa ubaridi. Imekaa nyuma ya dashibodi ndani ya sanduku la plastiki, nayo ni alumini yenye mapezi membamba yaliyobanana sana. Gesi huchemka ndani yake kwa joto la chini, kwa hiyo mapezi hubaki nyuzi chache tu juu ya sifuri. Hewa yenye unyevu ikipita hapo huacha maji yake juu ya mapezi, maji hutiririka hadi chini ya sanduku, na kutoka hapo hupitia mpira mdogo mpaka ardhini. Kidimbwi kinachobaki chini ya gari lililokuwa na AC ni dalili ya afya, ingawa kila mara hukosi msamaria wa kukukimbilia kukuambia gari linavuja.

Shida ni maji yasiyotoka. Ukizima gari, baadhi hubaki yameng'ang'ania katikati ya mapezi, gizani, pamoja na vumbi, chavua na nyuzi za nguo zilizopenya. Kisha gari linakaa juani likipata joto. Kuvu na bakteria hawahitaji zaidi ya hapo, na wanapostawi ndio wanaotoa harufu. Mapezi yakiwa baridi na yamelowa chepechepe, harufu hukaa imefungiwa. Yakianza kupata joto na kukauka, inaachiliwa. Ndiyo maana nilikuwa naisikia mwanzo na mwisho, katikati hakuna. Wenye magari yanayojizima yenyewe kwenye foleni wataikuta pia pale injini inapotulia, kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, ikakatika na feni ikaendelea.

Tulianza na filta ya hewa ya ndani. Kwenye magari mengi iko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria: unaminya kingo za droo, inashuka, unakuta kifuniko chembamba cha plastiki, unavuta. Niliyoivuta mimi ilikuwa nyeusi upande mmoja, mikunjo yake imejaa vipande vya majani makavu na mabawa ya wadudu. Kwenye kona palikuwa na nyuzi za sufi zilizosokotwa vizuri na maganda ya mbegu juu yake. Panya alikuwa amehamia humo, akapajenga, akahama. Mimi nilishangaa panya. Mzee yeye alikuwa anatazama kitu kingine. Ukingo wa chini wa filta ulikuwa na mstari wa rangi ya chai, ule unaoachwa na maji yaliyosimama yakakauka. "Haya si maji ya AC," alisema. "AC iko mbele ya hapa. Haya yametoka juu."

Akafungua boneti sasa, akaenda moja kwa moja chini ya waipa. Pale kuna mfereji uliofunikwa kwa plastiki yenye matundu, na hewa ya nje huingilia hapo. Majani yalikuwa yamejaa humo yakaoza mpaka yamekuwa tope, na tope limeziba njia za kutolea maji ya mvua. Kila mvua iliponyesha, maji yalipanda mpaka kwenye mdomo wa hewa yakamwagikia filta. Nilichota majani yale kwa mikono, na ile harufu niliyokuwa naitafuta nyuma ya dashibodi nikaikuta vidoleni. Ukiegesha chini ya mti, sehemu hiyo ikague mara kwa mara. Haihitaji fundi.

Filta mpya ina mshale wa kuonyesha hewa inakoelekea, na mshale huo ufuatwe. Watengenezaji wengi wanashauri kuibadilisha kwa mwaka mara moja au kila kilomita 15,000 hadi 25,000 hivi, lakini barabara ya vumbi haisomi kitabu cha gari, kwa hiyo mimi naitoa na kuiangalia kabla. Zile zenye mkaa hunasa moshi na harufu za barabarani vizuri kuliko za kawaida. Harufu inayozaliwa kwenye evapureta haziiwezi, kwa sababu evapureta inakuja baada ya filta. Na ile ya karatasi usiifue ukairudisha. Utakuwa umeupelekea ukungu kitanda kipya.

Baada ya hapo mzee aliingia chini ya gari kuutafuta mpira wa kutolea maji. Ulikuwa umeziba nusu kwa tope. Alitumia kijimpira chembamba kuuzibua badala ya waya, akasema waya hutoboa sanduku, na ukishalitoboa maji yatachagua njia yao wenyewe. Kilichotoka kwanza ni matone mazito ya kijivu, halafu maji yakaja kwa mkupuo. Gari lilikuwa halijawashwa AC tangu jana yake. Kama umewahi kusikia maji yakicheza nyuma ya dashibodi unapokata kona, au kapeti ya abiria inalowa bila mvua, anzia hapo. Inua kapeti pia uibonyeze sponji iliyo chini yake kwa kidole. Juu inaweza kuwa kavu kabisa na chini imejaa maji, na sponji hiyo itanuka hata ukiosha evapureta mpaka ing'ae.

Ndipo ikaja zamu ya povu. Kuna makopo ya povu la kusafishia evapureta, yenye kimpira kirefu. Tulizima injini, tukaiacha nafasi ya filta wazi, yeye akaingiza kimpira kupitia njia ya maji kutoka chini na baadaye kupitia tundu la sensa karibu na evapureta yenyewe. Njia ya juu inataka mtu anayejua nini kiko wapi, kwa sababu feni na umeme wake viko jirani na havitaki kulowa. Povu lilipanda mpaka likachungulia kwenye matundu ya miguuni. Tuliliacha kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, nasi tukakaa pembeni. Lilianza kurudi kwa mpira wa chini likiwa jeupe, likageuka rangi ya mchanga, mwisho likawa kahawia iliyoiva, na lilikuja na viuzi vyeusi kama kamasi. Nilitazama hadi tone la mwisho. Ukishaona kilichokuwa kinapulizwa usoni kwako, hamu ya kununua kimti cha manukato inakwisha yenyewe.

Kukausha baada ya povu kuna ujanja wake. Watu huwasha hita hadi mwisho wakiwa wamefungua hewa ya nje, wakiamini joto linapita kwenye evapureta. Kwa kawaida halipiti. Hewa hupita kwenye evapureta kwanza ndipo ifike kwenye hita, kwa hiyo unapasha joto dashibodi na abiria huku mapezi yakipulizwa hewa ileile ya nje. Mzee alizima AC, akafunga vioo, akaweka hita juu kabisa na kuzungusha hewa ya ndani, gari likiwa nje peupe na halina mtu ndani. Hewa iliyokwisha pata moto ndiyo ikawa inarudi kupitia evapureta. Kisha akafungua milango yote mvuke utoke, na filta mpya ikaingia mwisho.

Niliuliza kwa nini tusitumie klorini ya kufulia, maana nilikuwa nimeshaona watu wakiishauri. Alinitazama kama niliyemtukania mzazi. Klorini hula alumini, na evapureta iliyotoboka ndiyo hasara yenyewe: gesi inakwisha na dashibodi inafunguliwa. Siki nayo ni asidi. Kufuta plastiki kwa siki iliyozimuliwa si neno, ila kuimwagia evapureta mara kwa mara sikubali. Na mtu asije akavichanganya hivyo viwili, kwa sababu hutoa gesi ya klorini, yenye sumu. Mashine za ozoni ninaziheshimu kwa tahadhari. Zinaua harufu kweli, lakini ozoni huumiza mapafu na huchakaza mpira, hivyo gari lisiwe na mtu wakati zinafanya kazi, na lipigwe hewa vya kutosha kabla ya kuliingia. Wala haziondoi uchafu ule wa kahawia. Zinaua kilicho juu yake tu, chakula kinabaki pale pale kikisubiri wageni wapya.

Harufu iliondoka. Kilichoizuia isirudi ni tabia moja ndogo: dakika chache kabla ya kufika ninakokwenda nazima AC, naacha feni ikipuliza na hewa ya nje ikiwa wazi. Mapezi yanakauka njiani badala ya kukaukia gizani kwenye maegesho. Ni jambo la kitufe kimoja, na nafikiri kitufe hicho tunakidharau. Packard, kampuni ya magari ya Marekani, walipotoa gari lenye AC ya kiwandani kwa mwaka wa 1940, kompresa yake haikuwa na namna ya kuzimwa kutoka ndani. Asiyeitaka ilimbidi asimame, afungue boneti, autoe mkanda unaoizungusha kompresa.

Tabia hiyo ina masharti mawili ambayo wanaoishauri huyasahau. La kwanza ni mvua. Ukizima kompresa evapureta ikiwa imelowa, maji yake yanageuka mvuke na kuingia kwako, na kioo cha mbele kinaweza kufunga ukungu ghafla. Siku ya mvua acha AC iwake, usalama kwanza. La pili ni mpangilio wa hewa. Kwenye magari mengi ukielekeza hewa kwenye kioo cha mbele, kompresa hujiwasha hata kama taa ya AC haionekani, na wewe utadhani unakausha kumbe unaongeza maji. Elekeza kifuani au miguuni. Kuna magari yanayoiwasha feni yenyewe kwa muda baada ya kuegeshwa ili kukausha evapureta. Ukisikia mvumo kwenye gari lililozimwa usiite fundi.

Nimezungumzia ukungu kwa sababu ndio unaosumbua wengi, lakini si kila kinachotoka kwenye matundu ya AC ni mali ya AC. Matundu yanaleta chochote kilichovutwa. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa na gari lenye harufu tamutamu, akaiita ya kupendeza, tena akawasifia waliomwoshea viti. Nilimuuliza swali la mzee: saa gani? Akasema akiwasha hita. Nikapitisha kidole kwenye kioo chake cha mbele kwa ndani, kikateleza juu ya utando wa mafuta. Ilikuwa kulanti, yale maji ya kupozea injini. Rejeta ndogo ya hita, ile iliyo nyuma ya dashibodi, ilikuwa inavuja taratibu na mvuke wake unapulizwa ndani. Kulanti nyingi ni ethilini glikoli, ladha yake tamu na sumu yake kali, na mtoto au mnyama akilamba kapeti ni balaa. Chombo cha akiba cha kulanti kilikuwa kimeshuka chini ya alama. Povu la evapureta lisingemsaidia kitu.

Harufu ya petroli haina mjadala: simama, zima, toka, gari liburutwe. Plastiki inayoungua wakati feni iko juu mara nyingi ni umeme wa feni yenyewe, izime usiiwashe tena mpaka ikaguliwe. Mafuta ya injini yanayodondokea ekzosi huleta harufu ya kuungua inayozidi ukisimama, kwa sababu hewa ya injini inavutwa na ule mfereji wa chini ya waipa. Funga hewa ya nje, ikipungua umeshapata jibu. Mayai yaliyooza hutoka kwenye ekzosi au kwenye betri inayochajiwa kupita kiasi. Ninayoiogopa kuliko zote ni harufu ya moshi wa ekzosi ndani ya gari, kwa sababu moshi huo una kaboni monoksaidi, nayo yenyewe hainuki. Pua inasikia wenzake tu. Hapo vioo vyote vinashuka, na kichwa kikianza kuuma unatoka nje.

Na kuna gari ambalo povu halitoshi. Ndugu yangu alikuwa na gari ambalo mwenye nalo wa kwanza alikuwa akivuta sigara humo kwa miaka. Lami ya moshi iligandisha vumbi kwenye mapezi, tukapiga povu, harufu ikaondoka, na kabla msimu haujabadilika ikarudi vilevile. Hapo mlango uliobaki ni kufungua dashibodi na kuitoa evapureta ioshwe nje au ibadilishwe. Ni kazi ndefu: usukani unashuka, gesi inanyonywa kwa mashine isimwagwe hewani, na vibanio vya plastiki vya gari kuukuu huvunjika bila huruma. Mimi sipendi dashibodi ifunguliwe kwa ajili ya harufu peke yake, maana ikirudishwa hukosi kitu kinachogongagonga. Kwa yule ndugu nilimwambia asubiri mpaka kuwe na sababu nyingine ya kuifungua. Ilikuja yenyewe, evapureta ikaanza kuvuja, akaweka mpya na filta mpya siku hiyohiyo. Ile ya zamani tuliimulika kwa tochi upande wa pili, na mwanga haukupita.